Mjukuu kamwita bibi "cantalach", ni tusi au? Na mbona neno lenyewe linabadilika kichwa na mkia?

MjombaWaIsevya (Tabora)

Wakuu heshima zenu, habari za Jumapili. Niko Tabora mjini, Isevya, na hapa home kuna kesi nimeshindwa kuiamua nimeona niilete jamvini maana humu kuna watu wanajua lugha mpaka wanatisha.

Iko hivi. Dada yangu yuko Galway kule Ayalandi anafanya unesi, na kijana wake wa miaka nane anasoma shule ya msingi hukohuko, na kumbe kule shuleni mbali na Kiingereza wanafundishwa na Kiayalandi chenyewe, lazima. Sasa leo wamepiga video kol kuongea na bi mkubwa. Bi mkubwa alikuwa anapukuchua karanga, mtandao ukakata mara tatu, akirudi anaona dari tu hamuoni mjukuu, akaanza, nyie wenye bi mkubwa wa kinyamwezi mnaelewa akianza. Mara huyu kwanini hajavaa sweta, mara dada anampa mtoto mikate tu hampi ugali, mara simu yangu ni mbovu nimnunulie nyingine. Dogo akacheka akamwambia mama yake kitu, mama yake akacheka mpaka simu ikamponyoka. Bi mkubwa akauliza "mume wangu kasemaje?" hakuna anayejibu.

Baada ya nusu saa dogo katuma picha kachora, bibi kavaa kitenge, nyusi zimekutana katikati, na juu kaandika Mamó chantalach. Chini yake akaandika Tá Mamó cantalach inniu. Halafu nyuma ya karatasi, kwa herufi ndogo ndogo, Tá Mamó níos cantalaí ná Mamaí.

Nimemuuliza dada anasema "ni mambo ya shule tu, amejifunza vivumishi wiki hii", halafu anacheka tena. Bi mkubwa kagoma kula mpaka aambiwe kaitwaje.

Maswali yangu: hilo neno maana yake nini, na ni tusi? Pili, mbona kaliandika mara tatu na mara zote tatu ni tofauti, chantalach, cantalach, cantalaí, dogo hajui spelingi au ndo lugha ilivyo? Tatu, kwenye simu mara anamwita bibi "mamoo" mara "a wamoo", bi mkubwa anauliza Wamoo ndo nani, kuna bibi mwingine huko?

---

KobeWaUjiji

😂😂😂 mtu wa Tabora kalala njaa kwa neno asilolijua. Mkuu usihangaike, huyo mtoto wa miaka nane kakosea spelingi, hiyo h imeponyoka tu, sie huku mwisho wa reli tulichapwa sana kwa hizo. Mwambie bi mkubwa maana yake "bibi mrembo" yaishe ale.

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

Kobe usimpotoshe mwenzio. Dogo hajakosea hata moja, zote tatu ziko sahihi, na mimi kama mwalimu ningempa vema tatu. Nilifanya kazi kambini kule Kasulu na jamaa mmoja wa Connemara, kwao wanaongea hiki Kiayalandi tangu utotoni, jioni umeme hakuna tunafundishana, yeye nampa Kiha na Kiswahili yeye ananipa Gaeilge (ndivyo wenyewe wanavyoiita). Ngoja nijibu taratibu maana hapa pana utamu.

Cantalach linasomwa KAN-ta-lakh, mkazo mwanzoni sio katikati kama sisi, na hiyo ch ya mwisho ni kh kama wazee wa pwani wanavyosema "kheri". Maana yake sio hasira. Hasira ni fearg, mwenye hasira ni feargach. Cantalach ni yule mtu hana hasira na mtu fulani ila kila kitu kinamkera, analalama, anafoka kidogo, chai ya moto sana, chai ya baridi sana. Kwa Kiswahili nadhani lililo karibu kabisa ni gubu. Mwenye gubu. Wengine watasema kisirani lakini kisirani kina mkosi ndani yake, na kununa hapana maana anayenuna anakaa kimya na huyu anaongea. Kununa wana lao, pusach, linatoka kwenye pus yaani mdomo uliobinuka, ile midomo ya mtoto aliyenyimwa andazi.

Kwahiyo bi mkubwa kaambiwa ana gubu. Tusi? Subiri kwanza, maana jibu liko kwenye sarufi yake.

Sisi kivumishi kinabadilika kichwani, mtu mkali, watu wakali, kisu kikali. Waingereza kivumishi chao hakibadiliki kitu. Waayalandi wao wanabadilisha kichwa NA mkia. Kichwa kinalegezwa, wenyewe wanaita séimhiú, yani konsonanti ngumu inalainishwa na kwenye maandishi inawekewa h baada yake. c inakuwa ch, b inakuwa bh inayosikika kama v au w, m inakuwa mh inasikika hivyohivyo w au v, na f ikiwekewa h inakufa kabisa haisomwi. Zamani kwenye maandishi yao ya kale hawakuweka h, walikuwa wanaweka kinukta juu ya herufi, h zimejaa karne iliyopita walipohamia herufi za kawaida za mashine.

Sasa, nomino zao zina jinsia mbili, kiume na kike. Nomino ya kike ikifuatwa na kivumishi, kivumishi kinalegea. Fear cantalach, mwanaume mwenye gubu. Bean chantalach, mwanamke mwenye gubu. Mamó ni bibi, ni ya kike, ndo maana juu ya picha kaandika Mamó chantalach. Angeandika c tupu ndo angekosea.

Na ile "a wamoo" ndo hiyohiyo. Ukimwita mtu kwao unatanguliza "a" na jina linalegea, Mamó inakuwa "a Mhamó", inasomwa a wamoo. Hamna bibi mwingine, mwambie bi mkubwa atulie, Wamoo ni yeye akiitwa, Mamoo ni yeye akisemwa.

---

MjombaWaIsevya

Mwalimu Mungu akubariki. Hilo la Wamoo limeisha, amecheka kidogo. Ila gubu sijamwambia bado, natafuta namna. Sasa kama Mamó ni ya kike na kivumishi kinalegea, mbona mstari wa pili kaandika cantalach bila h na bibi ni yuleyule??

---

DadaMwanga

Naomba niingilie hapa kidogo kabla mwalimu hajajibu maana mimi ni mwanamke na nimeona kitu. Yani lugha nzima imekaa ikaamua mwanamke ndo aongezewe h, mwanaume gubu lake liko kavu. Hahaha haya. Swali langu, je ni kila mwanamke? Binti naye?

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

Nianze na dada wa Mwanga maana umegusa penyewe. Binti kwao ni cailín, na cailín, shika kiti, kisarufi ni ya KIUME. Kwahiyo binti mwenye gubu ni cailín cantalach, bila h. Wakimsema kwa kiwakilishi wanasema sí, yule wa kike, lakini kivumishi kinafuata umbo la neno. Sisi ni kinyume, kijana na kiboko vimevaa ki lakini kwakuwa wana uhai tunasema kijana mkorofi, kiboko mkali, hatusemi kiboko kikali (ukisema hivyo watu watajua unaongelea fimbo). Kwetu uhai unashinda umbo, kwao kwenye cailín umbo limeshinda.

Mjomba sasa, swali lako zuri. Kivumishi kinabadilika pale tu kinapobandikwa kwenye nomino. Kikikaa upande wa pili wa kitenzi, kile cha kusema mtu yukoje, hakiguswi. Tá ndo kitenzi, "yuko", kinakaa mwanzo wa sentensi. Tá sé cantalach, yule mwanaume ana gubu. Tá sí cantalach, yule mwanamke ana gubu. Tá siad cantalach, wale wana gubu. Umeona? Kiume, kike, wingi, neno limekaa vilevile halijatingishika. Kwahiyo Tá Mamó cantalach inniu, bila h, ndo sawa.

Na hapo ndo hukumu ya kesi yako ilipo. Angalia neno la mwisho, inniu, maana yake LEO. Dogo hakusema bibi ni mtu wa gubu, kasema bibi leo ana gubu. Angetaka kusema ndo tabia yake angeweza kutumia kitenzi kingine kabisa, is, ambacho kinasema kitu ni cha aina gani, Is bean chantalach í, ni mwanamke mwenye gubu huyu, kapigwa muhuri. Ukisema tá ni hali, imekuja, na ukiongeza leo kesho inaweza isiwepo. Jana unasema Bhí Mamó cantalach inné.

Ila sitakudanganya, ule mstari wa nyuma ya karatasi ni msala. Níos cantalaí ná, hapo mkia umebadilika kutoka -ach kuwa -aí, ndo namna ya kulinganisha. Tá Mamó níos cantalaí ná Mamaí. "Bibi ana gubu kuliko mama." Ndo maana dada yako alicheka simu ikamponyoka, kaona amepona yeye.

---

KobeWaUjiji

😭😭 dogo ni mwanasiasa, kamsifia mama kwa kumzodoa bibi nyuma ya karatasi

---

chuma_cha_reli

Jamani samahani nauliza kama mgeni, kwani Ayalandi si wanaongea Kiingereza tu? Sasa anamfundisha mtoto lugha ya nini wakati haipeleki popote. Si bora angejifunza hata Kichina.

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

Wengi wanaongea Kiingereza ni kweli. Lakini katiba yao ya 1937 inasema Kiayalandi ndo lugha ya taifa na ndo rasmi ya kwanza, Kiingereza ya pili. Umoja wa Ulaya wameikubali kama lugha rasmi 2007 na tangu Januari 2022 hati zote zinatafsiriwa. Sensa ya 2022 watu karibu milioni 1.9 walisema wanaiweza, ila wanaoiongea kila siku nje ya shule ni kama 72,000 tu, baadhi yao wako pembeni magharibi kule, Connemara, Donegal, Kerry. Tabora mjini pekee inawazidi. Kwahiyo mtoto wa kutoka Isevya anayejua kulegeza c yake vizuri kule anaheshimika, usimdharau.

Halafu "haipeleki popote", ndugu yangu wangapi humu Kiha au Kinyamwezi kimewapeleka popote? Na bado ukikasirishwa kweli kweli unatukana kwa lugha gani 😄

---

DadaMwanga

Chuma nae leo cantalach

---

Asali_ya_Sikonge

Mwalimu nimesoma yote nimependa. Mimi sio mtaalamu ila nina swali lililonikaa. Sisi tunasema hasira zimenipanda, usingizi umenishika, njaa inaniuma, kiu imenibana, yani ile kitu ndo inafanya kazi na mimi nimekaa tu nafanyiwa. Kwenye Kiingereza nilivyofundishwa ni mimi ndo niko na njaa, mimi ndo mwenye hasira. Hao jamaa wakoje?

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

Asali umeniamsha, hili ndo nilitaka kulisema tangu mwanzo nikasema nitawachosha.

Wao ni kama sisi, tena wamezidi. Kuna namna ya pili ya kusema gubu, bila kivumishi, kwa nomino yake cantal. Tá cantal orm. Neno kwa neno ni "gubu liko juu yangu". Tá fearg orm, hasira iko juu yangu. Tá ocras orm, njaa iko juu yangu. Tá brón orm, huzuni iko juu yangu, na hiyo ndo wanayotumia kuomba radhi, ukimkanyaga mtu unamwambia huzuni iko juu yangu. Yule jamaa wangu nilipomwambia sisi tunasema homa imempanda alipiga meza, akasema huyo ndo mtu wa kwetu.

Hawana kitenzi cha kumiliki. Ukiwa na kitabu unasema Tá leabhar agam, kitabu kiko kwangu. Kwahiyo vitu viko KWAKO, lakini hisia ziko JUU yako, zimekukalia. Na usije ukajisifu kwamba sisi tunacho hicho kitenzi, hiyo "ana gubu" ukiipasua ni a-na, yuko-na gubu, yuko pamoja nalo, wamekaa benchi moja.

Na hiyo orm yenyewe ni ar, juu ya, imeungana na mimi ikawa neno moja, kama sisi tunavyobana na mimi ikawa nami, na wewe nawe, na yeye naye. Wao wanabana karibu kila kihusishi cha kawaida. Juu yangu orm, juu yako ort, juu yake wa kiume air, wa kike uirthi, juu yetu orainn, juu yenu oraibh, juu yao orthu. Nilizikariri hizo nikiwa kwenye daladala la Kasulu kwenda Kigoma, vumbi mdomoni, abiria wa pembeni akadhani nasali.

Kwahiyo Mjomba kama unatafuta namna ya kumwambia bi mkubwa kwa adabu, mwambie hivi, dogo amesema "leo gubu limemkalia bibi". Kosa la gubu, sio la bibi.

---

msomaji_kimya

Mimi huwa sichangii ila nina nyongeza ndogo, nimejifunza hii lugha kwenye programu ya simu, sio mzungumzaji. Mwalimu uko sahihi ila usiseme nomino ya kike ndo inalegeza tu, kwenye wingi hata ya kiume inaweza. Fir chantalacha, wanaume wenye gubu, imelegea kwa sababu fir inaishia na konsonanti laini, ile yenye i kabla yake. Mná cantalacha, wanawake wenye gubu, hamna h, mná inaishia vokali. Na kwenye umilikaji inageuka kabisa, koti la mwanaume mwenye gubu ni cóta an fhir chantalaigh, koti la mwanamke mwenye gubu ni cóta na mná cantalaí. Yani kiume sasa ndo kimechukua h na kike kimenyang'anywa. Dada wa Mwanga umelipiziwa.

Na ukiona inakuchosha tumia crosta, nayo ni mwenye kununanuna au mtoto msumbufu, inaishia vokali kwahiyo mkia haubadiliki popote, mtoto páiste crosta, watoto páistí crosta. Wavivu kama mimi tunaipenda.

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

Msomaji asante, nimekubali, niliificha hiyo ya umilikaji makusudi maana mtu akiikuta siku ya kwanza anakimbia. Ila kwa mtu aliyekua na ulimi ndimi, -refu nyumba ndefu, -wili mbili, hili la konsonanti ya mwanzo kugeuka halipaswi kumtoa jasho. Sisi r yetu inageuka d na hatuulizi kwanini.

---

KobeWaUjiji

Mwalimu mi nimeelewa ila hiyo f inayokufa nipe mfano nilale

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

Bean fheargach, mwanamke mwenye hasira. Inaandikwa fh inasomwa "ban aragakh". f ipo kwenye karatasi tu kama jina la marehemu kwenye daftari la kijiji.

---

MjombaWaIsevya

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimemwambia kama mwalimu alivyonielekeza, gubu limekukalia leo mama, mtoto hakusema wewe ni wa gubu. Kakaa kimya, kapukuchua karanga kama kumi hivi, halafu akasema "yeye ndo mwenye gubu, alipokuwa hapa likizo alilia siku nzima kisa embe". Kala ugali na mlenda, kamaliza. Ule mstari wa nyuma ya karatasi sijamwonyesha na sitamwonyesha.

Sasa ila anataka kumjibu. Anataka kumwambia "mume wangu ana gubu" kwa lugha yao hiyohiyo ili dogo ashangae. Mwalimu nisaidie, na niandikie na namna ya kusoma maana bi mkubwa anatuma kwa sauti.

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

😂 Tá m'fhear céile cantalach. Somea "taa myar keile KAN-ta-lakh". Mume ni fear céile, "wangu" ni mo nayo inalegeza kinachofuata, fear ikawa fhear, f imekufa kama nilivyosema, mo nayo ikabanwa ikabaki m'. Cantalach haiguswi, iko baada ya tá. Mwambie hiyo kh atoe kooni kabisa kama anafukuza mbuzi.

---

MjombaWaIsevya

Imetumwa. Alirudia mara saba, ya saba ikatoka. Dogo kajibu kwa sauti neno moja tu, "niil!" halafu kacheka. Ndo nini tena hiyo?

---

msomaji_kimya

Níl, "siko" / "haipo". Hawana neno la ndiyo wala hapana, ukiulizwa "uko na gubu?" unarudisha kitenzi, tá au níl. Kama sisi umekula, nimekula. Anasema hana gubu yeye.

---

MjombaWaIsevya

Basi kazi ipo. Sasa hivi nimemuuliza mama sukari ipo nichemshe chai, kanijibu "niil".

---

mwl_Katubuka (Kigoma)

Na yuko sahihi kabisa kisarufi. Kanunue sukari.